Moïse Katumbi na Klabu ya Kamalondo

Moïse Katumbi alipoanza kuiongoza TP Mazembe mwaka 1997, jina la klabu hiyo ya Lubumbashi, Kongo, lilikuwa kubwa kuliko hali yake. Ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenediktini, wakati mji ukiitwa Élisabethville, na baadaye ikabeba jina la Englebert, kampuni ya matairi. Mwaka 1967 ilitwaa ubingwa wa Afrika, na mwaka 1968 ikawa klabu ya kwanza kulitetea taji hilo. Ilirudi fainali mwaka 1969 na 1970 ikashindwa zote mbili, na baada ya Kombe la Washindi la mwaka 1980 haikupata tena kikombe chochote cha bara.

Sababu ya ukimya huo haikuwa uwanjani tu. Lubumbashi ni mji wa shaba, na shaba ilichimbwa na Gécamines, shirika la serikali. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Miaka kumi baadaye ilikuwa haifikishi tani 50,000. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mitambo ikachakaa, mishahara ikachelewa. Mji ambao karibu kila mfuko ulijazwa na shaba, moja kwa moja au kwa kuzunguka, haukuweza tena kulisha timu kubwa.

Katumbi alitoka katika uchumi huohuo, ila kwa mlango wa samaki. Alizaliwa Desemba 1964 na kukulia Kashobwe, karibu na Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes, kilichokuwa chini ya Italia. Sheria za ubaguzi za utawala wa Mussolini zilipotangazwa mwaka 1938, alikimbilia Katanga, jimbo lenye Lubumbashi, na kufanya biashara ya samaki. Mama yake alikuwa Mkongo. Gécamines iliwapa wafanyakazi wake posho ya chakula, kwa hiyo aliyeweza kuleta samaki kwa wingi alikuwa na mteja asiyekwisha. Katumbi aliingia katika biashara hiyo akiwa kijana, akajifunza mapema kwamba faida kubwa katika mji wa migodi humwendea pia anayeihudumia migodi, si mwenye migodi peke yake.

Somo hilo lilizaa kampuni yake ya MCK, aliyoianzisha mwaka huohuo wa 1997, Rais Mobutu alipoanguka. MCK ilikuwa mkandarasi: ilichimba na kubeba mawe kwa niaba ya makampuni mengine. Sheria mpya ya madini ya mwaka 2002 ilipowafungulia milango wawekezaji wa nje, na bei ya shaba ikapanda duniani, makampuni hayo yaliongezeka na kazi ikawa nyingi. Utajiri wa mwenye klabu ulikua, na klabu ikakua nao.

Fedha hizo alizitumiaje? Nadhani hapa ndipo ilipo tofauti kati yake na matajiri wengi waliopita katika kandanda ya Afrika. Kwa kawaida klabu zetu humuuza mchezaji mara tu anapong'ara. Katumbi aliwalipa wachezaji wake vizuri kiasi kwamba kubaki Lubumbashi kukawa uamuzi wenye maana kwa nyota kama Trésor Mputu, aliyetunukiwa tuzo ya mwaka 2009 ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara. Aliajiri makocha kutoka nje ya Kongo, na hakuwa na haraka ya kuwatawanya wachezaji waliokwisha kuzoeana. Mavuno yalichukua miaka 12. Mwaka 2009 Mazembe ilifungwa 2-1 na Heartland kule Nigeria, ikashinda 1-0 nyumbani, na bao la ugenini likawarudishia Kunguru, kama mashabiki wanavyowaita, taji walilolikosa tangu 1968.

Mwaka uliofuata walilitetea, safari hii kwa kuwafunga Espérance ya Tunisia mabao 5-0 mjini Lubumbashi kabla ya sare ya 1-1 ugenini. Desemba 2010 wakaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu bila Mputu, aliyekuwa amefungiwa na FIFA. Waliitoa Pachuca ya Mexico 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0. Kila bao lilipoingia, kipa Robert Kidiaba aliketi chini, akanyoosha miguu mbele na kurukaruka kwa makalio kwenye nyasi. Inter Milan iliwafunga 3-0 katika fainali, lakini hakuna klabu ya nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyokuwa imewahi kufika hapo.

Wapo wanaosema mafanikio haya yalikuwa ya kisiasa. Kweli, Katumbi alikuwa gavana wa Katanga tangu 2007 hadi 2015, na ushindi wa timu ulimwongezea umaarufu ambao wapinzani wake hawakuweza kuununua. Hata hivyo, hoja hiyo inaeleza faida aliyoipata kuliko chanzo cha ushindi. Alikuwa amekaa klabuni miaka kumi kabla ya ugavana.

Mwaka 2011 uliigusa Tanzania moja kwa moja. Mazembe iliitoa Simba katika Ligi ya Mabingwa, Simba wakalalamika kwamba beki mmoja wa Mazembe hakuwa halali kucheza, na CAF ikawaondoa mabingwa hao watetezi. Mwaka huohuo Mazembe ilimsajili mshambuliaji wa Simba, Mbwana Samatta, na Thomas Ulimwengu naye akajiunga. Kutoka Zambia walikuwapo Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu, waliotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika na nchi yao mwaka 2012. Uwanja mpya wa klabu ulikuwa umefunguliwa katika mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi, wenye nafasi ya watu wapatao 18,000. Novemba 2015 ubingwa wa Afrika ulirudi kwa kuifunga USM Alger nje ndani, na Januari 2016 Samatta akawa Mtanzania wa kwanza kupata tuzo ile aliyoipata Mputu. Mwezi huohuo akaenda Genk, Ubelgiji.

Wakati huo mwenye klabu alikuwa amevunja uhusiano na Rais Kabila. Alijiuzulu ugavana Septemba 2015, akashtakiwa, akaondoka nchini Mei 2016, na hakurudi hadi Mei 2019. Kama klabu ingekuwa imesimama kwa mamlaka yake tu, ingeanguka hapo. Badala yake ilitwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na kulitetea mwaka 2017, mwenyekiti akiwa uhamishoni.

Lakini baada ya hapo vikombe vya bara vilikoma kwa wanaume. Wengine wanataja kuishi kwake uhamishoni, wengine fedha: aliiuza MCK mwaka 2015 kwa kampuni ya Kifaransa ya Necotrans, ambayo ilifilisika mwaka 2017. Mimi naona sababu ya tatu ina uzito zaidi, ingawa haizifuti hizo mbili: klabu za Afrika ya Kaskazini, Afrika Kusini na hata Dar es Salaam zimejifunza kulipa, na nyota wa Kongo ana milango mingine ya kubisha bila kwenda Ulaya.

Katumbi aligombea urais wa Kongo mwaka 2023 akawa wa pili nyuma ya Félix Tshisekedi. Novemba 2024, huko Morocco, Mazembe ilishinda tena Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuifunga AS FAR 1-0, na walioleta kikombe hicho Lubumbashi ni wanawake.