Mkate wa Mgeni: Ukarimu wa Kikristo katika Mbulu na Hanang

Katika sharika za Mbulu na Hanang, Jumapili ya mavuno haimaliziki kwenye baraka ya mchungaji. Waumini hutoka nje, mnada wa sadaka za mazao hufanyika, na yai, kuku, debe la mahindi na mkungu wa ndizi hupata mnunuzi kwa furaha na vicheko. Kisha wageni huongozwa kwenda kunywa chai. Mezani hukuta maandazi, chapati, viazi vitamu vilivyochemshwa, na mara nyingi mkate uliookwa na akina mama nyumbani. Mgeni husimama, huombea chakula na kukaa. Kwa watoto wa sasa hilo ni jambo la kawaida, lakini wazee wanajua kwamba mkate ule una historia, na kwamba historia hiyo ina shukrani na majonzi pia.

Dkt. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alifafanua ombi la nne la Sala ya Bwana kwa upana unaowashangaza wanafunzi wa Kipaimara kila mwaka. Alipoulizwa mkate wa kila siku ni nini, hakutaja unga na maji tu. Alihesabu pia mavazi, nyumba, shamba, mifugo, familia, serikali njema, hali ya hewa nzuri, amani na majirani waaminifu. Kwa kipimo hicho, anayeomba mkate anaomba pia ardhi ulikoota na jirani wa kuula pamoja naye. Makala haya yanautazama ukarimu wa Mbulu na Hanang kwa kipimo hicho hicho.

Ukarimu kabla ya mkate wa ngano

Injili haikukuta watu wasiojua kupokea wageni. Kwa Wairaqw, nyumba iliyokuwa na mtama, mahindi na maharage ilikuwa na wajibu kwa mpita njia. Kwa Wadatooga, ambao Wabarabaig wa Hanang ni sehemu yao, maziwa katika kibuyu yalikuwa heshima ya kwanza, na pombe ya asali ilitengwa kwa ajili ya wazee na shughuli kubwa. Mtafiti Ole Bjørn Rekdal, katika makala yake ya mwaka 1996 kuhusu fedha, maziwa na pombe ya mtama miongoni mwa Wairaqw, alionyesha jinsi vyakula hivyo vilivyobeba maana kubwa kuliko bei. Viliwaunganisha watu na watu, na watu na Mungu, kiasi kwamba kuviuza kulikuwa jambo zito.

Wairaqw walikuwa pia na slufay, sala ndefu ya kishairi inayoongozwa na mzee mbele ya watu waliokusanyika, nao wakiitikia kwa sauti moja. Mzee huomba mvua, uzao, afya ya mifugo na amani katika nchi. Mkristo anayezijua sala za kanisa hawezi kuisikia slufay bila kutambua ndani yake njaa ile ile ya mwanadamu aliyeumbwa ili amwombe Muumba wake.

Hata hivyo, meza ile ilikuwa na mpaka wake. Mila ya Wairaqw ilijua hali ya kutengwa iitwayo metimani. Nyumba iliyopatwa na kifo, au mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, ilihesabiwa kuwa na unajisi unaoweza kuwadhuru wengine. Waliotengwa hawakula wala kunywa na majirani kwa muda uliowekwa. Desturi hiyo ilikusudiwa kuilinda jamii, wala haifai kuidharau kwa haraka. Lakini kwa aliyekuwa ndani yake, msiba uliongezewa upweke. Hapo ndipo habari za Yesu aliyekula na waliotengwa ziliposikika kuwa habari njema kwelikweli. Mwanamke aliyezoea kukaa mbali alipoitwa kwenye Meza ya Bwana pamoja na wengine, hakuhitaji mahubiri marefu ili aelewe neema.

Mkate ulivyoingia nyumbani

Kuacha pombe kuliwaletea Wakristo wengi wa Kilutheri swali ambalo halikuwa dogo: mgeni atapewa nini? Kama pombe ya mtama ndiyo iliyokuwa ikiwakutanisha wazee, nini kitawakutanisha sasa? Jibu lilikuja polepole, katika birika. Chai ya maziwa ilichukua nafasi ya heshima, na pamoja nayo kikahitajika kitafunwa. Maziwa ya zamani hayakuondoka mezani, bali yalikutana na majani ya chai na sukari.

Ngano nayo ilikuwa ikisogea karibu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wairaqw waliotoka katika nchi yao ya asili ya Irqwa Da'aw, kwenye milima iliyo karibu na mji wa Mbulu, walienea kwenda Karatu na Mbulumbulu, maeneo ambayo wakati huo yalikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Huko wengi waliingia katika kilimo cha ngano. Unga mweupe, ambao mwanzoni ulionekana kuwa chakula cha Wazungu na wa maduka ya mjini, ukaanza kuwa zao la jirani.

Mwaka 1955 Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwe walifungua Hospitali ya Haydom, ambayo baadaye iliingia chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganishwa kwa makanisa saba. Haydom pakawa mahali pa kukutania pasipo na mfano. Huja Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatooga wenye lugha ya Kinilo, Wanyiramba wenye lugha ya Kibantu, na Wahadzabe wenye lugha ya pekee isiyofanana na yoyote kati ya hizo. Watu ambao baba zao walikutana kwa mikuki au kwa kubadilishana ng'ombe walijikuta wakingoja pamoja habari za wagonjwa wao, kila mmoja akiwa na kifurushi chake cha chakula. Aliyekuwa nacho alimmegea asiyekuwa nacho. Huo ulikuwa ukarimu usioandaliwa na kamati yoyote.

Nyumbani, akina mama walijifunza kuoka bila tanuri. Unga wa ngano huchanganywa na hamira, chumvi, sukari kidogo na maji ya uvuguvugu, kisha hukandwa mpaka donge liwe laini lisiloshika mikononi. Hufunikwa kwa kitambaa na kuwekwa mahali penye joto. Katika baridi ya Mbulu, kuumuka huchukua muda mrefu kuliko bondeni, na mwokaji asiye na subira hupata mkate mgumu. Donge lililoumuka huwekwa katika sufuria iliyopakwa mafuta, sufuria hubandikwa juu ya mkaa usio mkali, na makaa mengine hupangwa juu ya mfuniko ili joto litoke pande zote mbili. Moto wa chini ukizidi, mkate huungua kabla ya kuiva ndani. Wengi walijifunza hayo kwa kuunguza mikate ya kwanza.

Si ajabu kwamba Bwana Yesu alitafuta mfano wa Ufalme wa Mungu jikoni kwa mwanamke. Katika Mathayo 13 anamtaja yule aliyeisitiri chachu katika unga mpaka wote ukachachuka. Unga wake ulikuwa pishi tatu, kipimo kile kile ambacho Sara aliambiwa aukande upesi katika Mwanzo 18, wageni watatu walipofika hemani. Pishi tatu si mkate wa mtu mmoja na mumewe. Ni mkate wa kulisha watu wengi, wakiwamo ambao bado hawajabisha hodi. Akina mama wa usharika wanaokanda unga usiku wa Jumamosi bila kujua ni wageni wangapi watakaofika kesho yake wamesimama katika ukoo huo wa Sara.

Ngano ya Hanang na kilio cha jirani

Historia ya mkate katika eneo hili ingekuwa nyepesi kama ingeishia jikoni. Lakini ngano inahitaji ardhi, na ardhi ya Hanang ilikuwa na wenyewe.

Baada ya uhuru, ulaji wa mkate mijini uliongezeka na taifa lilitaka kupunguza ngano iliyoagizwa kutoka nje. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kilimo kikubwa cha ngano kilianzishwa Basotu, na kuanzia mwaka 1970 Canada ilisaidia kwa wataalamu, mbegu na mitambo. Chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, mashamba yaliongezeka hadi kufikia saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Eneo lote lilifikia takriban ekari 100,000. Lengo lilikuwa jema, na ngano ilipatikana. Familia nyingi za Kitanzania zilikula mkate uliotokana na uwanda wa Hanang.

Uwanda huo, hata hivyo, ulikuwa malisho bora ya Wabarabaig. Ndani yake mlikuwa na njia za mifugo, maji na chumvi, pamoja na bung'eda, yaani makaburi ya wazee wao wenye heshima, yanayojengwa kama vilima vya udongo na kutunzwa na vizazi vinavyofuata. Trekta zilipopita, malisho yalipotea na makaburi kadhaa yakalimwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Msaada wa Canada ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, NAFCO ikadhoofika, na hatimaye baadhi ya mashamba yakaenda kwa wawekezaji na mengine yakagawiwa wananchi. Hadi leo Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayoitumia.

Jambo hili linaligusa kanisa kwa sababu mkate huwekwa juu ya madhabahu. Maandiko hayaruhusu mkate kutenganishwa na haki. Nabothi wa Yezreeli, katika 1 Wafalme 21, alikataa kuuza shamba la mizabibu kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake, na Mungu alimtuma Eliya kumuuliza mfalme habari zake. Mtume Paulo naye, katika 1 Wakorintho 11, aliwakemea Wakorintho walioila karamu ya Bwana huku wengine wakikaa na njaa pembeni. Hakulaumu mkate wao wala divai yao, ila kutoangaliana kwao. Katika nchi ambamo mkulima na mfugaji wamewahi kupoteana kwa ajili ya ardhi, kualikana chakula ni hatua ya kwanza ya upatanisho, lakini haiwezi kuwa ya mwisho. Mkulima anayemwandalia mfugaji chai leo na kesho akalima njia ya ng'ombe wake hajamkaribisha bado. Wala mfugaji anayebariki mkate mezani na usiku akaingiza mifugo katika ngano ya mwenyeji wake hajaupokea.

Siku ambayo mlima ulishuka

Tarehe 3 Desemba 2023 ukarimu wa Hanang ulipimwa kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Baada ya mvua kubwa, matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuzifunika nyumba katika mji wa Katesh, Gendabi, Jorodom na maeneo ya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Walionusurika walihifadhiwa katika shule na kwa ndugu na majirani. Serikali, taasisi za dini na watu binafsi kutoka pande zote za nchi walileta unga, mchele, nguo na magodoro.

Siku zile, mama aliyezoea kupika kwa ajili ya wageni aligeuka mgeni. Hilo ni somo gumu, kwa kuwa wengi hupenda kutoa na huona haya kupokea. Lakini Bwana Yesu mwenyewe katika Luka 24 aliingia nyumba ya Emau kama mgeni, akapewa nafasi mezani, ndipo akautwaa mkate na kuumega kama mwenyeji. Kwa Mkristo nafasi hizo mbili hubadilishana daima.

Baadaye serikali ilijenga nyumba 109 huko Waret kwa ajili ya familia zilizopoteza makazi. Waret ni jina ambalo wazee walilijua kama la mojawapo ya mashamba ya ngano. Jina lililotajwa katika habari za ardhi iliyopotea sasa linatajwa katika habari za waliopata mahali pa kulala. Jambo hilo halifuti machozi ya zamani, lakini linaonyesha kwamba Mungu hajaacha kuandika habari za nchi hii.

Urithi wa meza

Kwa karne ambayo kitabu hiki kinaikumbuka, meza za Mbulu na Hanang zimepokea vitu vingi vipya: birika, hamira, unga mweupe, na sasa majiko ya gesi katika nyumba za mijini. Vitu hivyo vitaendelea kubadilika. Ambacho usharika umekabidhiwa kukitunza ni swali la nani amekaa mezani na nani bado yuko nje. Mama mjane yupo? Yupo Mhadzabe aliyemleta mtoto hospitalini? Na mfugaji ambaye njia ya ng'ombe wake imefungwa?

Kila Jumapili wanaomba wapewe leo mkate wao wa kila siku, na kwa mafundisho ya Katekisimo wanaomba pia shamba, mifugo, amani na majirani waaminifu. Mungu wa Ibrahimu na Sara aijalie kila nyumba unga wa kutosha pishi tatu, moto wa wastani chini na juu ya sufuria, na mlango usiofungwa kabla mgeni hajapita.