Sukari ya Kidodi na Ushuru wa Asilimia Mia

Tangu Aprili 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alipotangaza ushuru mpya kwa karibu kila nchi duniani, Tanzania nayo ikipangiwa asilimia 10, habari za ushuru zimefika hadi kwenye vijiwe vya kahawa. Wengi tunazungumza kana kwamba ni ugomvi wa Washington na Beijing, sisi tumekaa pembeni tunaangalia. Lakini kuna watu hapa nchini walioishi na ushuru mkubwa kuliko huo kwa miaka mingi, na wanajua kwa mfuko wao nini hutokea. Baadhi yao wako Kidodi.

Ukishuka kutoka Mikumi kwa barabara ya Ifakara, unapita Kidodi kabla hujafika Ruaha na daraja la Kidatu. Mto Ruaha Mkuu ndio mpaka: upande huu ni Kilosa, ng'ambo ni Kilombero. Kiwanda cha sukari kiko pande zote mbili. Msolwa, wanaoiita K1, iko ng'ambo. Ruembe, K2, iko upande wa Kilosa. Kwa hiyo Kidodi, nchi ya Wavidunda iliyojaa pia watu wa kila mkoa waliofuata kazi ya kukata miwa, ni mahali ambapo mtu anaweza kuwa mkulima wa muwa asubuhi na mnunuzi wa sukari jioni. Ushuru unamgusa mara mbili, na mara nyingi kwa njia zinazopingana: bei ikipanda anaambiwa ashukuru kama mkulima, halafu analia kama mnywa chai.

Tuanze na historia ya kiwanda chenyewe. Kampuni ya Sukari Kilombero ilianzishwa mwaka 1960, kabla ya uhuru, kwa mitaji ya nje ikiwemo mkopo wa IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi. Huo ulikuwa uwekezaji wa kwanza wa IFC barani Afrika. Sukari ya kwanza ilitoka mapema miaka ya 1960, na baada ya Azimio la Arusha kiwanda kikawa mali ya umma. Ruembe ikajengwa katikati ya miaka ya 1970.

Wakati huo ushuru wa forodha haukuwa suala kubwa kwa mnunuzi, kwa sababu serikali ilishika kila kitu. Sheria ya mwaka 1973 ilileta Tume ya Bei, iliyopanga bei za bidhaa nyingi. Kampuni za biashara za mikoa, RTC, ndizo zilizosambaza. Bei ilikuwa ndogo kwenye karatasi, sukari yenyewe ikawa haionekani. Watu wazima wanakumbuka foleni, mgawo wa kilo chache kwa kaya, na sukari iliyopatikana mlango wa nyuma kwa bei ya mlanguzi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi. Sukari ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosakwa kwenye maghala na majumbani. Msako ulileta hofu, ukaleta na sifa kwa Sokoine ambazo zipo hadi leo, lakini haukuongeza hata kilo moja kwenye mashine za Ruembe. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kulegeza, ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa.

Naitaja habari hiyo kwa sababu itajirudia. Shika maneno mawili: ghala na msako.

Mwaka 1998 kiwanda kilibinafsishwa. Illovo ya Afrika Kusini ilichukua asilimia 55, ED&F Man ya Uingereza asilimia 20, serikali ikabaki na 25. Mwekezaji hakuja kwa ajili ya hali ya hewa tu. Alitaka uhakika kwamba sukari ya bei poa kutoka nje haitamfuata hadi mlangoni. Soko la sukari duniani lina tabia yake: nchi nyingi huwalinda wakulima wao nyumbani, halafu ziada huimwaga nje kwa bei ya chini. Marekani yenyewe, inayohubiri na kuvunja biashara huria kwa zamu, imelinda sukari yake kwa miongo mingi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, na moja ya matokeo yake ni kwamba sukari ya nchi za COMESA haikuwa na njia ya kuingia kwetu bila ushuru.

Kisha ikaja Jumuiya ya Afrika Mashariki. Umoja wa Forodha ulianza kazi Januari 2005, na sukari ikawekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti zenye ushuru wa juu kuliko kiwango cha kawaida: asilimia 100. Baadaye kikaongezwa kiwango cha chini cha dola 460 kwa tani, itozwe ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili.

Tufanye hesabu ya mfano ili tuone asilimia 100 ni kitu gani dukani. Chukua sukari inayofika bandarini kwa dola 500 kwa tani, na dola moja iwe shilingi 2,600. Hiyo ni shilingi 1,300 kwa kilo. Weka ushuru wa asilimia 100, inakuwa 2,600. Weka VAT ya asilimia 18, inafika karibu 3,070, kabla ya lori, ghala na faida ya mwenye duka. Sasa punguza ushuru uwe asilimia 35, kiwango ambacho Tanzania imewahi kuruhusiwa na Jumuiya kutumia kwa sukari ya kuziba pengo. Kilo ileile, pamoja na VAT, inakuwa takribani 2,070. Tofauti ni shilingi 1,000 kwa kilo. Kwenye tani 10,000 ni shilingi bilioni 10.

Hapo ndipo siasa inapozaliwa. Kama bei ya dukani ingeshuka kwa shilingi 1,000 kila ushuru unaposhuka, tusingekuwa na mengi ya kuandika. Lakini sukari ikiwa haba, bei ya dukani inapangwa na uhaba, haipangwi na gharama ya bandarini. Mwenye kibali cha kuingiza kwa ushuru mdogo anauza kwa bei ileile ya soko, na ile tofauti inabaki mahali fulani kati ya bandari na duka la Mangi. Kwa hiyo swali kubwa la sukari Tanzania halijawahi kuwa kiwango cha ushuru peke yake. Swali ni nani anapewa ruhusa ya kuuruka.

Pengo lenyewe ni la kweli, si la kubuni. Viwanda vyetu havijatosheleza nchi kwa miaka mingi, na kila masika vinasimama kwa matengenezo kwa sababu matrekta hayaingii shambani. Miezi hiyo sukari lazima itoke mahali. Ikiingizwa kidogo au ikachelewa, bei inapaa. Ikiingizwa nyingi, au ikafika wakati viwanda vimeshaanza msimu, maghala ya Kilombero yanajaa sukari isiyouzika, na mkulima anaambiwa asubiri malipo. Miaka ya mwanzo ya 2010 viwanda vililalamika hivyo hasa: sukari ya nje imejaa sokoni, yao imelala.

Februari 2016, Rais John Magufuli akiwa na miezi michache madarakani, alipiga marufuku kutoa vibali vya kuingiza sukari bila idhini yake. Hoja yake ilikuwa ya kizalendo na kwa mkulima wa Kidodi ilisikika vizuri: vibali vinaua viwanda vyetu. Tatizo ni kwamba marufuku ilikuja masika yakiwa yanakaribia. Ndani ya wiki chache sukari ikaanza kukosekana. Serikali ikatangaza bei elekezi ya shilingi 1,800 kwa kilo, maduka mengi yakauza zaidi ya hapo, mengine yakaacha kabisa kuuza. Mwezi Mei tukarudi kwenye ghala na msako: vyombo vya dola vikapita kwenye mabohari kutafuta walioficha. Mwisho wa yote, serikali ileile ikaruhusu sukari ya nje iingie kuziba pengo.

Baada ya hapo ukawekwa utaratibu mwingine: wenye viwanda ndio waagize sukari ya pengo, kwa sharti kwamba wapanue uzalishaji. Una mantiki yake, maana mwenye kiwanda hawezi kutaka kujaza soko hadi akajiua mwenyewe. Lakini una kasoro yake pia. Anayefaidika na bei ya juu ndiye unayemwomba aishushe.

Kasoro hiyo ilionekana wazi mvua za El Niño zilipokuja mwishoni mwa 2023. Miwa ilikuwepo, lakini mashamba yalilowa, ukataji ukakwama, na muwa uliojaa maji hutoa sukari kidogo. Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi za rejareja zilizoanzia shilingi 2,700. Mtaani kilo ilivuka 4,000, na kwingine ikaenda juu zaidi, huku Ramadhani ya Machi ikikaribia. Serikali ilisema viwanda havikuingiza sukari kwa wakati, ikatoa vibali kwa kampuni nyingine.

Juni mwaka huo moto ukahamia Dodoma. Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa kwa tiketi ya CCM, alimtuhumu Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, kwamba amelidanganya Bunge kuhusu vibali. Spika Tulia Ackson akamtaka alete ushahidi. Akauleta, lakini pia akauweka hadharani kwa waandishi, na kwa hilo Bunge likamsimamisha vikao 15. Bashe alizikana tuhuma. Wakati huohuo Sheria ya Fedha ya 2024 ilibadilisha sheria ya sukari na kuipa NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, mamlaka ya kununua, kuagiza na kuhifadhi sukari. Wazalishaji walipinga, wakisema uwekezaji wao unawekwa rehani. Mwaka 2025 Mpina alihamia ACT-Wazalendo akateuliwa kugombea urais, kisha akaenguliwa.

Angalia nani alikuwa anagombana na nani. Waziri na mbunge. Wenye viwanda na waagizaji. Mkulima wa muwa alitajwa sana, ila hakuwa na kiti mezani.

Na mkulima huyu ana hali ya pekee. Mahindi unaweza kuyaweka ndani ukasubiri bei. Muwa ukishachomwa na kukatwa, una siku moja au mbili tu, baada ya hapo sukari yake inapungua. Huwezi kuupakia ukaupeleka Mtibwa au Moshi. Mnunuzi ni mmoja, mizani ni yake, na maabara inayopima kiwango cha sukari kwenye muwa, ambacho ndicho kinachoamua malipo, ni yake. Vyama vya wakulima, kuanzia vile vikubwa vya zamani vya Ruembe na Kilombero hadi AMCOS za sasa, vimepigania mambo haya kwa miaka. Kuna misimu miwa ya wakulima ilibaki shambani kwa sababu kiwanda kilishindwa kuimeza yote. Ushuru wa asilimia 100 ulikuwepo misimu hiyo pia. Haukumsaidia mtu ambaye muwa wake haukufika mizani.

Kenya inatufundisha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Walipata kinga dhidi ya sukari ya COMESA mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaomba iongezwe tena na tena kwa zaidi ya miaka 20. Kinga hiyo haikuiokoa Mumias, iliyoingia chini ya mfilisi mwaka 2019 huku ikidaiwa na wakulima wake. Ukuta uliwazuia walio nje, lakini ndani nyumba ikaliwa na mchwa.

Sisemi ushuru uondolewe. Bila ukuta wowote, sukari ya ziada ya dunia ingeizima Ruembe mapema, na mji wote wa Ruaha ungekuwa vumbi. Upanuzi wa Kilombero, uliolenga kutoka tani 127,000 hadi 271,000 kwa mwaka, unategemea ahadi kwamba ukuta upo, na ahadi hiyo imeshawafanya watu wapande muwa mpya. Lakini ushuru ni kodi ambayo kila mnywa chai anailipa, kuanzia mama muuza maandazi hadi hospitali. Kodi ina haki ya kudaiwa risiti.

Risiti yenyewe si ngumu. Kila kibali cha sukari ya pengo kitangazwe: kampuni gani, tani ngapi, ushuru asilimia ngapi, meli imefika tarehe ipi. Vipimo vya maabara vikaguliwe na mtu ambaye si mnunuzi. Na bei ya muwa ipande sukari inapopanda, kwa kanuni ambayo mkulima anaweza kuipiga hesabu mwenyewe kwa simu yake. Mambo hayo matatu yasipokuwepo, ushuru ukipanda au ukishuka, Kidodi wataendelea kuusikia kwenye redio tu, halafu wataulipa dukani.