Flora, au Hob Ndani ya Kisima

Opera ya kuchekesha ya Kiingereza iliyotokana na tamthilia ya Thomas Doggett na kuonyeshwa London mwaka 1729. Nyimbo zake zina maneno mapya juu ya tuni zilizokwisha kuzoeleka mitaani, hivyo hata kikundi kidogo kiliimudu. Hob, mshamba aliyetumwa kumpelekea Flora barua ya mapenzi, anatupwa kisimani na mlezi mkali wa msichana huyo. Tarehe 18 Februari 1735 ilichezwa Charles Town (leo Charleston), Carolina Kusini, katika chumba cha mahakama, kwani jumba la maonyesho la mji huo, Dock Street, lilifunguliwa baadaye, mwaka 1736. Kwa kawaida huhesabiwa opera ya kwanza kuchezwa katika makoloni ya Uingereza Amerika Kaskazini. Tamasha la sanaa la Spoleto liliifufua opera hiyo huko Charleston mwaka 2010, muziki ukiwa umeandaliwa upya na Neely Bruce.