Msitu si shamba la mbao

Wasee, hili neno "endelevu" tunalosikia kila siku halikutoka kwa watu wa kutetea wanyama. Mmoja wa watu wa kwanza kuliandika kuhusu misitu alikuwa mtu wa migodi.

Mwaka wa 1713, huko Saxony, Ujerumani, Hans Carl von Carlowitz alitoa kitabu kuhusu upandaji wa miti. Yeye alisimamia migodi ya Freiberg. Kuyeyusha madini ya fedha kulikula makaa mengi, na miti ilikuwa inaisha. Ushauri wake: usikate kuliko kinachoota. Poa sana.

Lakini manze, hesabu hiyo ilikuwa ya mbao tu. Ndege, uyoga na wadudu hawakuwa kwa daftari. Waliokuja baadaye wakapanda mispruzi kwa mistari kama mahindi, juu inakua haraka na inanyooka. Kwa karatasi ulikuwa msitu endelevu, lakini ukweli ni shamba la zao moja. Halafu ukame wa 2018 ukaupiga. Mbawakawa wanaotoboa magome wakapata miti dhaifu, wakamaliza mispruzi ya milima ya Harz.

Sasa cheki Bavaria. Hifadhi ya taifa ya kwanza ya Ujerumani ilifunguliwa huko 1970. Mwaka wa 1983 dhoruba ikaangusha miti mingi, na waziri Hans Eisenmann akaamua magogo yaachwe palepale. Mbawakawa wakasambaa, miti ikakauka, wenyeji wakakasirika. Ukiwa na kiwanda cha mbao pale, hata wewe ungekasirika. Lakini miche ikaota yenyewe katikati ya magogo, na uyoga na wadudu adimu wakapata makao kwa mbao zilizooza.

Kitu ninapenda ni hiki: ukingoni mwa hifadhi, miti iliyovamiwa bado hukatwa, ndiyo wadudu wasivuke kwa misitu ya majirani. Ndani asili inaachiwa, pembeni jirani analindwa.

Kwa hivyo sisemi watu waache kukata miti. Mbao tunazihitaji, na kuna familia zinakula kwa hiyo kazi. Ninachosema ni kwamba mtu akikuambia msitu wake ni endelevu, muulize swali moja: endelevu kwa nani?