Mtumwa au Huru? Hesabu ya Pangani

Wale mnaoandika programu mnaijua kazi ya Boolean() katika JavaScript, lugha aliyoiunda Brendan Eich wa Netscape kwa siku 10 mwezi Mei 1995. Uipe kitu chochote, itakurudishia true au false tu. Sifuri ni false. Maandishi matupu ni false. Lakini ukiipa neno "false" ndani ya alama za nukuu, inajibu true! Haisomi kilichoandikwa, inaangalia tu kama pana maandishi.

Sasa twende Pangani ya miaka ya 1880, enzi za mashamba ya miwa, ambako utumwa ulikuwa na ngazi. Mjinga ni yule aliyeletwa karibuni kutoka bara. Mzalia alizaliwa papo hapo pwani, lugha na dini anazijua. Kibarua alijitafutia ujira, kisha akagawana na bwana wake. Suria alimzalia bwana, na mtoto aliyekubaliwa na baba alikuwa huru. Watu walihangaika maisha yao yote kupanda ngazi hizo.

Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim, naye mwenye shamba la miwa, hapo hapo Pangani Desemba 1889. Utumwa hawakuufuta. Walichofanya ni kutoa hati za uhuru: unayo, wewe huru; huna, wewe mtumwa. Hati haikuuliza kama una shamba, au kama kesho utarudi kulima kwa bwana yule yule. Simaanishi ilikuwa karatasi tu, maana ilikupa haki mbele ya serikali. Lakini jibu lilikuwa moja tu.

Kisha ikaja amri ya 1904: mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya 31 Desemba 1905 ni huru. Basi ndugu wa tumbo moja, mkubwa wa 1904 mtumwa, mdogo wa 1906 huru. Waingereza wakaufuta utumwa kisheria Tanganyika nzima mwaka 1922. Wote wakawa true.

Tatizo la hesabu hii ni kwamba hairudi nyuma. Ukiwa na true mkononi, huwezi kujua ilitokana na nini. Ngazi za Pangani zimebaki kwenye midomo yetu: kibarua ni kazi ya kutwa, mjinga ni tusi.

Wadau wa Tanga na Pangani, je, neno mzalia bado mnalisikia huko?