Jicho la Kuonea: Insha juu ya Kusudi katika Maumbile

Lugha yetu hutumia tamko moja kwa kilichotengenezwa na kilichozaliwa. Kisu ni cha kukatia, sindano ni ya kushonea na jembe ni la kulimia. Kadhalika husemwa kuwa jicho ni la kuonea, jino la kutafunia na mguu wa kutembelea. Lakini kisu kilikuwa na mhunzi aliyejua tangu mwanzo kitakata nini. Jicho je? Lilipata wapi kusudi lake kabla halijaona? Swali hili limewashughulisha wanafalsafa na wataalamu wa sayansi kwa zaidi ya miaka 2,300, wala si mchezo wa maneno. Watu wamegundua siri za mwili kwa kuliuliza vyema, na watu wametiwa utumwani kwa kulijibu vibaya.

Wa kuanza naye ni Aristotle, Myunani aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo. Alikaa kwa muda katika kisiwa cha Lesbos, akachunguza viumbe wa bahari kwa kupasua na kutazama. Kabla yake Empedocles alifundisha kwamba viungo vya wanyama vilitokea kwa bahati. Vilivyofaa vikadumu, na visivyofaa vikapotea. Aristotle alikataa. Meno ya mbele, alisema, huota makali yakafaa kukata, na magego huota mapana yakafaa kusaga. Jambo litokealo hivyo karibu kila mara halistahili kuitwa bahati. Kwa hiyo alishikilia kuwa hatukijui kitu barabara mpaka tujue, pamoja na mambo mengine, kipo kwa ajili ya nini. Wala hakumaanisha fundi aliyekaa nje ya mnyama akimchongea meno. Kwake kusudi lilikuwa ndani ya kiumbe chenyewe, kama kokwa ielekeavyo kuwa mwembe bila ya kufundishwa.

Laiti angekomea hapo. Katika kitabu chake juu ya siasa aliandika kwamba mimea ipo kwa ajili ya wanyama, na wanyama kwa ajili ya mwanadamu. Tena, kwamba wako watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa, hata vita vya kuwateka huwa vya haki. Msomaji na aitazame hatua hiyo kwa makini. Jino humfaa mwenye jino. Hilo laweza kuonekana kinywani. Lakini mtumwa humfaa asiye yeye. Kusudi limeruka kutoka kiumbe mmoja hadi mwingine, na kwa mruko huo Aristotle hakuwa na ushahidi mfano wa ule wa meno. Alichokuwa nacho ni desturi ya mji wake, akaipa jina la maumbile.

Neno lile halikufa pamoja naye. Mwaka 1550 na 1551, katika mji wa Valladolid nchini Hispania, palikuwa na mjadala mkubwa juu ya vita vya Wahispania dhidi ya wenyeji wa Amerika. Juan Ginés de Sepúlveda alivitetea kwa mafundisho ya Aristotle juu ya watumwa wa maumbile. Bartolomé de las Casas, aliyekuwa amekaa miaka mingi ng'ambo na kuyaona mateso kwa macho yake, alimpinga kwa nguvu zake zote. Waamuzi hawakutoa hukumu ya kukata neno, na utumwa uliendelea kwa karne nyingi. Basi tusidhani kwamba kosa la wanafalsafa hubaki vitabuni.

Karne iliyofuata wanafalsafa wa Ulaya walilichoka swali la kusudi. Francis Bacon, katika kitabu cha mwaka 1623, alilifananisha na mwanamwali aliyewekwa wakfu, asiyezaa kitu. Mwaka 1644 René Descartes aliliondoa katika elimu ya maumbile, kwa hoja kwamba mwanadamu hawezi kujidai kuyajua makusudi ya Mungu. Walikuwa na sababu njema. Kusema kwamba jiwe huanguka kwa kuwa lataka kufika mahali pake hakumsaidii mtu kuupima mwendo wa jiwe.

Lakini kati ya miaka hiyo hiyo yule aliyeitwa tasa alikwisha kuzaa. William Harvey, tabibu wa Kiingereza, alisoma Padua kwa Fabricius, ambaye mwaka 1603 alitoa kitabu juu ya vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa ya damu. Fabricius alidhani kazi yake ni kuipunguza kasi damu isijae mikononi na miguuni. Robert Boyle alisimulia kwamba alipomwuliza Harvey, karibu na mwisho wa maisha yake, nini kilichompa wazo la mzunguko wa damu, alijibu kwamba ni vilango hivyo: vimewekwa hivi kwamba damu hupita kuelekea moyoni wala hairudi, naye hakuweza kuamini kuwa mpango huo hauna kazi. Swali lake lilikuwa lile lile la kale: hiki ni cha kufanyia nini? Lakini hakuridhika nalo. Alifunga mkono kwa kitambaa akatazama mishipa ikivimba, akaibonyeza kwa kidole, kisha akafanya hesabu. Aliona kwamba damu isukumwayo na moyo kwa nusu saa hupita kiasi kinachoweza kuwamo mwilini. Hapana budi damu ile ile inarudi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1628. Kusudi lilimwonyesha njia. Kipimo ndicho kilichothibitisha.

Immanuel Kant, mwaka 1790, aliutenga wazi mchanganyiko huu wa kale. Liko kusudi la ndani, ambapo sehemu za kiumbe hutegemeana, kila moja ikiwa sababu na faida ya nyingine. Na liko kusudi la nje, ambapo kitu kimoja husemwa kuwa kipo kwa faida ya kingine. La kwanza twalihitaji tunapochunguza viumbe hai, alisema, japo kama kiongozi wa fikira tu. La pili halina msingi. Wanyama wa nchi za baridi huwafaa watu wa huko kwa chakula na mavazi. Lakini nani ametuonyesha kwamba watu hawana budi kukaa huko?

Swali la asili ya kusudi la ndani lilikuwa bado wazi. William Paley, mwaka 1802, alijibu kwa mfano wa saa iliyookotwa njiani: saa ina mtengenezaji, na jicho vivyo hivyo. Charles Darwin alimsoma Paley alipokuwa chuoni Cambridge, akapendezwa naye. Mwaka 1859 alitoa jibu lake mwenyewe: watoto wa kiumbe hawafanani kabisa, tofauti ndogo zinazomsaidia kiumbe kuishi na kuzaa hurithiwa na kuongezeka, kizazi baada ya kizazi. Kufaa kwa kiungo ni kweli. Hakuhitaji kutangulia katika nia ya yeyote.

Mfano mzuri ulimfikia mwaka 1862, alipopelekewa ua la okidi kutoka Bukini. Lilikuwa na mrija wa kiasi cha sentimita 29, na utamu wake umekaa chini kabisa. Darwin alisema kwamba huko Bukini lazima yuko nondo mwenye ulimi wa urefu kama huo. Nondo huyo alielezwa na wataalamu mwaka 1903, miaka 21 baada ya kifo cha Darwin. Wala ua halikuwekwa kwa ajili ya nondo, wala nondo kwa ajili ya ua. Ua lenye mrija mrefu humlazimisha nondo asukume kichwa ndani na kubeba chavua. Nondo mwenye ulimi mrefu hushiba zaidi. Kila mmoja hutafuta yake, na wote wawili hufaidika.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Darwin aliandika kwamba ikithibitishwa kuwa kiungo chochote cha kiumbe kiliumbika kwa faida ya aina nyingine tu, nadharia yake imeanguka. Kwa maneno hayo kusudi la nje lilinyang'anywa kibali cha maumbile. Ni haki kuongeza kwamba yeye mwenyewe, katika kitabu cha mwaka 1871, aliandika juu ya jamii za watu za juu na za chini, na wengi waliokuja baada yake walilitumia jina lake kuwatawala wengine. Waliyarudia makosa ya Aristotle kwa kalamu ya Darwin, ilhali mtihani alioutoa Darwin uliwashtaki.

Leo wataalamu wa elimu ya viumbe bado huuliza kiungo ni cha nini. Mwaka 1958 Colin Pittendrigh alitoa neno jipya, teleonomia, apate kutaja kufaa kwa viungo bila ya kudai nia. Mwaka 1979 Stephen Jay Gould na Richard Lewontin waliwaonya wenzao wasibuni faida kwa kila kitu. Twiga ni shahidi wao. Mshipa wa fahamu uendao kooni mwake hutoka kichwani, hushuka shingo yote hadi kifuani, ukazunguka mshipa mkuu wa damu, kisha hupanda tena mpaka juu. Mzunguko huo haumfai kitu. Ni urithi wa mababu wasio na shingo ndefu.

Basi na tuendelee kusema kwamba jicho ni la kuonea. Ni usemi wa kweli, kwa kuwa humwonea mwenye jicho. Lakini siku tutakapomsikia mtu akisema kwamba maumbile yamewaweka watu fulani wawe wa kutumikia wengine, na tumwulize swali ambalo Aristotle hakuulizwa: ushahidi wako uko wapi, na faida ni ya nani?