Vipande vya Mbao na Vizibo vya Soda: Historia ya Zana za Kuchezea Darasani

Mnamo Septemba 1798 majeshi ya Ufaransa yaliingia Nidwalden, eneo la milima katikati ya Uswisi ambalo lilikuwa limekataa katiba mpya iliyoletwa na Wafaransa. Nyumba nyingi zilichomwa moto, mamia ya watu wakauawa, na watoto wengi wakabaki yatima. Serikali ikamkabidhi Johann Heinrich Pestalozzi, mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 50, jukumu la kuwalea watoto hao katika nyumba ya watawa mjini Stans. Walifika watoto wapatao 80, wengi wao wagonjwa na wenye chawa, naye hakuwa na vitabu wala msaidizi, isipokuwa mwanamke mmoja wa kazi za nyumbani.

Shule za watoto za wakati ule, Ulaya kama kwingineko, zilisimama juu ya nguzo ya kukariri: mwalimu anatamka, mtoto anarudia, na fimbo iko karibu. Wapo waliokuwa wamependekeza njia nyingine. Mwaka 1658 mwanaelimu Comenius alitoa kitabu cha picha kwa ajili ya watoto, na mwaka 1693 Mwingereza John Locke alishauri herufi zibandikwe juu ya kete ili mtoto azijue akicheza. Lakini Locke alikuwa akiandika kuhusu mtoto wa bwana mwenye nafasi, aliye peke yake na mwalimu wake. Pestalozzi alikuwa na yatima 80 na mikono mitupu, na upungufu huo ndio uliomsukuma kufundisha kwa kutumia vilivyokuwapo: kazi za kila siku, vitu vya nyumbani na mazingira ya nje. Kazi ya Stans ilidumu miezi michache tu, kwa kuwa Juni 1799 nyumba ile iligeuzwa hospitali ya wanajeshi. Hata hivyo, alichokiona pale alikipeleka katika shule za Burgdorf na baadaye Yverdon, ambako watoto walihesabu kwa maharage na kokoto kabla ya kuonyeshwa tarakimu. Hoja yake ilikuwa kwamba neno lisilotanguliwa na kitu alichokiona na kukishika mtoto ni sauti tupu.

Wageni walimiminika Yverdon kutoka kila pembe ya Ulaya. Mmoja wao alikuwa kijana Mjerumani, Friedrich Froebel, aliyefika kwa ziara fupi mwaka 1805 na kurudi kukaa kuanzia 1808 hadi 1810. Froebel aliondoka akiwa na heshima kubwa kwa Pestalozzi, lakini pia na dukuduku. Aliona kwamba vitu vya Pestalozzi vilikuwa vingi na vizuri, ila havikuwa na mpangilio unaounganisha kimoja na kingine. Miaka mingi baadaye alijaribu kuuweka mpangilio huo ndani ya visanduku vidogo vya mbao. Mwaka 1837 alianza kazi hiyo mjini Blankenburg, Thuringia, na mwaka 1840 akaipa taasisi yake jina la bustani ya watoto, ambalo bado linatumika duniani kote.

Kwa nini alichagua maumbo makavu kama tufe, mche mraba na silinda, badala ya wanasesere na farasi wa mbao waliopendwa na watoto wa Ujerumani? Wanahistoria wametoa majibu matatu. Wapo wanaotazama utoto wake: mama yake alifariki kabla Froebel hajatimiza mwaka mmoja, akakua mpweke katika nyumba ya baba mchungaji, akitafuta faraja bustanini na msituni. Wengine wanaitazama falsafa ya Wajerumani wa enzi ile, iliyoamini kwamba vitu vyote vya ulimwengu vimefungwa na umoja mmoja. Jibu la tatu linatokana na kazi yake: kuanzia 1814 alikuwa msaidizi wa Christian Samuel Weiss katika hifadhi ya madini mjini Berlin, akipanga fuwele kufuatana na pande na pembe zake. Upweke na falsafa vinaeleza kwa nini alitaka kumpa mtoto dunia yenye utaratibu, lakini watu wengi walikuwa wapweke na wengi walisoma falsafa hiyo, wala hawakuunda kitu. Mimi naipa uzito zaidi kazi ya Berlin, kwa sababu ndiyo inayoeleza umbo lenyewe la zana: mtu aliyetumia siku nyingi akishika fuwele ndiye anayeweza kuona somo zima ndani ya mche.

Tuitazame zana hiyo kwa karibu. Froebel aliziita zana zake zawadi. Ya kwanza ilikuwa mipira sita laini ya uzi yenye rangi tofauti, na ya pili tufe, mche mraba na silinda. Ya tatu ndiyo iliyobadilisha madarasa. Ni kisanduku chenye mche mraba wa mbao uliokatwa mara moja kila upande, hata ukawa vipande vinane vilivyo sawa. Mwalimu hakumwaga vipande mezani. Kisanduku kilipinduliwa, kifuniko kikachomolewa chini, kisha kisanduku kikainuliwa taratibu, na mtoto akauona mche ukiwa mzima. Baada ya hapo aliugawa: nusu mbili, robo nne, sehemu nane. Alijenga ngazi, kiti au lango, au akapanga ua la mezani, na kila mara vipande vyote vinane vilipaswa kutumika, wala hakuruhusiwa kubomoa. Jengo moja lilibadilishwa polepole kuwa jingine. Mwishoni mche ulirudi kisandukuni ukiwa mzima. Mtoto wa miaka minne alikuwa amegusa sehemu za namba kabla hajajua kuandika hata moja.

Serikali ya Prussia haikuvutiwa. Agosti 1851 ilipiga marufuku bustani za watoto, ikizituhumu kueneza ukafiri na ujamaa. Mara nyingi huelezwa kuwa lilikuwa kosa la jina tu, kwa maana mpwa wa Froebel, Karl Froebel, alikuwa ameandika kijitabu chenye mawazo ya mrengo wa kushoto, na waziri akawachanganya. Kuchanganyikiwa huko kulikuwapo, lakini hakutoshi kueleza kila kitu, kwani kosa lilipoelezwa wazi amri haikuondolewa. Mapinduzi ya 1848 yalikuwa yameshindwa karibuni, na watawala walikuwa na shaka na kila jambo lililoungwa mkono na walimu na wanawake wapenda mageuzi. Froebel alifariki Juni 1852, na marufuku ikaondolewa mwaka 1860.

Matokeo ya marufuku hiyo yalikuwa kinyume cha yaliyokusudiwa. Wajerumani waliohama baada ya mapinduzi waliondoka na zawadi zile. Johannes na Bertha Ronge walifungua bustani ya watoto London, na Margarethe Schurz akafungua ya kwake Watertown, Wisconsin, mwaka 1856. Mwaka 1860 Elizabeth Peabody alianzisha ya Boston iliyofundisha kwa Kiingereza, na mwaka 1873 Susan Blow akaiingiza katika shule za umma za St. Louis. Kampuni ya Milton Bradley ikaanza kutengeneza zawadi hizo kiwandani. Zana iliyokuwa ikichongwa na fundi sasa ilinunuliwa kwa orodha ya bei.

Hapo ndipo palipozuka tatizo ambalo, kwa maoni yangu, limeifuata historia hii hadi leo. Visanduku vilisafiri upesi kuliko jicho la kumtazama mtoto. Katika madarasa mengi ya Marekani mwalimu alisimama mbele akitoa amri, na watoto wote kwa pamoja waliweka kipande cha kwanza kulia, cha pili kushoto, kana kwamba ni gwaride. Mchezo uliobuniwa ili kuwatoa watoto kwenye kukariri ukawa kukariri kwa mikono. Wataalamu wa makuzi ya mtoto, akiwamo G. Stanley Hall, walilalamika pia kwamba vipande vile vilikuwa vidogo mno kwa vidole na macho ya watoto wa umri huo.

Wakati mabishano hayo yakiendelea Marekani, njia nyingine ilikuwa ikifunguka Roma, nayo ilianzia hospitalini. Daktari Maria Montessori alikuwa akiwahudumia watoto wenye ulemavu wa akili, akasoma kwa makini maandishi ya madaktari wawili wa Ufaransa. Jean Itard alikuwa amejaribu kumfundisha mvulana wa Aveyron aliyepatikana akiishi msituni, na Édouard Séguin, mwanafunzi wake, aliunda zana za kuzoeza hisi za watoto wenye ulemavu. Montessori aliona watoto aliowafundisha kwa zana za namna hiyo wakipiga hatua, akajiuliza kwa nini watoto wasio na ulemavu wanabaki nyuma katika shule za kawaida.

Nafasi ya kujaribu ilitokana na hesabu za mwenye nyumba. Katika mtaa wa mafukara wa San Lorenzo kampuni moja ilikuwa imekarabati majengo ya kupangisha, na wazazi walipokwenda kazini watoto wadogo walizurura ngazini na kuchafua kuta. Kampuni iliona ni nafuu kuwawekea mahali pa kushinda kuliko kupaka rangi kila mara. Januari 6, 1907 Montessori akafungua pale Nyumba ya Watoto. Alileta gogo lenye matundu kumi na silinda kumi zenye vishikizo, zinazotofautiana unene au kimo. Mnara wa miche mraba kumi, kuanzia ya sentimita moja hadi ya sentimita kumi. Na herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa, ambazo mtoto alizifuatisha kwa kidole. Silinda ikikosewa tundu, moja hubaki bila mahali, na mtoto hulitambua kosa bila mtu kumwambia. Montessori alisimulia habari za msichana wa miaka kama mitatu aliyezichomoa na kuzirudisha silinda zaidi ya mara 40, huku wenzake wakiimba kumzunguka, asigeuke.

Utulivu huo uliwashangaza wageni, na ukazaa ubishi. Montessori aliamini kwamba siri imo katika zana yenyewe. William Kilpatrick wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika kitabu chake cha 1914, alidai kwamba zana hizo zinabana ubunifu, kwa sababu kila moja ina njia moja tu iliyo sahihi. Kilpatrick alikuwa na haki kuhusu silinda, ambayo haiwezi kugeuka gari wala mkate. Lakini hakuupa uzito wa kutosha ukweli kwamba mtoto ndiye aliyechagua achukue nini na akae nacho muda gani, jambo ambalo gwaride la zawadi za Froebel lilikuwa limelifuta.

Jibu la wale waliotaka uhuru zaidi lilitolewa New York na Caroline Pratt, mwalimu aliyejua useremala. Katika shule aliyoianzisha mwaka 1914, ambayo leo huitwa City and Country, alitengeneza vipande vya mbao ngumu vya kujengea sakafuni. Kipimo cha msingi ni kipande cha sentimita 14 kwa 7 kwa 3.5 hivi, kingine ni nusu yake, kingine maradufu, kingine mara nne. Havikuwa na rangi wala maelekezo. Mtoto aliyekosa kipande kirefu aliunganisha vifupi viwili, na hapo hesabu ikajitokeza bila kuitwa.

Mbali na mabishano hayo, Afrika Mashariki ilikuwa na shule yake nje ya shule. Katika mchezo wa mdako, mchezaji hurusha kokoto moja juu na kuzichota nyingine kutoka kishimoni kabla ile haijatua, kisha huzirudisha na kubakiza moja, halafu mbili, halafu tatu. Mtoto anayeucheza anatoa na kujumlisha kwa kasi. Darasani mambo yalikuwa tofauti. Baada ya uhuru wa 1963, wanavijiji wa Kenya walijenga shule nyingi za chekechea kwa harambee, walimu wakiwa mara nyingi akina mama wa jirani wasio na mafunzo, na somo likawa kuimba herufi zilizoandikwa ubaoni. Kwa sababu hiyo, mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya ilianza mradi wa elimu ya awali kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Walimu na wazazi walihimizwa kutengeneza zana kwa vitu vya mahali walipo: udongo, magunzi, mbegu, vitambaa.

Pwani kulikuwa na sababu ya ziada. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu walisikitika kuona watoto wao wakibaki nyuma katika shule za msingi, huku wazazi wakihofia kwamba chekechea ingewatenga na dini. Waliomba msaada kwa Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, na mwaka 1986 mpango wa Madrasa ukaanza Mombasa, mwalimu Bi Swafiya Said akiwa mstari wa mbele. Ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Ulichukua mbinu ya HighScope ya Marekani, ambamo mtoto hupanga atakachofanya, hukifanya, kisha husimulia, ukaivalisha mavazi ya pwani: nyimbo na hadithi za Kiswahili, kona ya nyumba yenye mbuzi ya kukunia nazi, kona ya hesabu yenye vifuu, kombe na vizibo vya soda.

Utafiti wa Peter Mwaura na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, uliwalinganisha watoto wa Madrasa na wenzao wa Kenya, Uganda na Zanzibar. Waliosoma chekechea yoyote waliwapita waliobaki nyumbani, na wa Madrasa walipiga hatua zaidi. Ni rahisi kuwapa vizibo sifa zote, lakini walimu wa Madrasa pia walitembelewa na wakufunzi darasani mwao, wakatazamwa wakifundisha na kurekebishwa, na wazazi walikuwa wenye shule. Naamini ziara zile ndizo zilizozuia kona kugeuka mapambo.

Tanzania imelipokea suala hili kwa kipimo kikubwa zaidi. Sera ya elimu ya 1995 iliitambua elimu ya awali, ile ya 2014 ikaifanya ya lazima kwa mwaka mmoja, na ada zilipofutwa mwaka 2016 madarasa yakafurika. Kona za ujifunzaji sasa zimo katika maelekezo ya mtaala, lakini mwalimu mwenye watoto zaidi ya 100 katika chumba kimoja hawezi kuwaweka wote konani kwa wakati mmoja. Wanaofanikiwa huwagawa: kundi moja linahesabu vizibo ndani, jingine liko chini ya mwembe na mzazi wa kujitolea, na baada ya mapumziko wanabadilishana.